Fahali wa Kufungia

Koo la Radi lilikuwa limekwisha kukauka, na ng'ombe mmoja alikuwa bado yumo zizini.

Walimwita Radi kwa sababu ya sauti yake. Akinadi, njiwa waliotua juu ya bati la mizani waliruka wote kwa mpigo, na wanawake waliouza chai nje ya ukuta waliijua bei bila kuinua vichwa. Baba yake alinadi palepale kabla yake, kwa nyundo ileile ya mti mgumu. Radi alikuwa na maringo yake, na hakuyaficha. Hajawahi kupotewa na bei mdomoni, na hajawahi kufunga mnada huku ng'ombe amebaki ndani. Kila aliyeingia kabla ya kengele lazima atoke na mwenyewe mpya. Ilikuwa sheria ya baba, na Radi aliilinda kama mboni ya jicho.

Zamani wanunuzi saba walijipanga kwenye reli ya chuma mbele yake. Walitukanana, walikanyagana miguu kwa makusudi, walipandishiana bei kwa kijicho tu, na wafugaji walirudi makwao wakiimba. Kisha Kampuni ikaja. Ikanunua machinjio ya ng'ambo ya mto, ikayafunga. Ikanunua yale ya nyuma ya stesheni, ikayafunga pia. Halafu ikajenga yake, makubwa, yenye ukuta mweupe unaoumiza macho mchana. Wanunuzi waliokosa pa kuchinjia wakaisha mmoja mmoja kama meno ya mzee. Mmoja sasa anaendesha lori la Kampuni. Mwingine anauza mkaa.

Kwenye reli alibaki mtu mmoja, mwanamume mpole wa makamo, mwenye mabuti ya mpira meupe yasiyowahi kuonekana na tone la tope. Watu wakamwita Mabuti. Mabuti hakuwa na haraka. Asiyeshindana na mtu, haraka ya nini?

"Haya, wa mwisho huyo!" Radi alinguruma. "Maksai mtu mzima, kaona mengi! Nani ananipa mia tatu kwa kilo?"

Watu wakacheka. Maksai mwenyewe alijaa tope, alikuwa na jicho moja jeupe kama ganda la yai, na mguu wa nyuma aliuburuta kama mzigo wa mwenzake. Mchungaji asiyesema na mtu alikuwa amemwingiza wakati mkono wa Radi uko tayari kwenye kengele.

"Mia mbili na nusu? Mbili? Jamani, hata ngozi hamuitaki? Mia na hamsini?"

Mabuti alikuwa anakagua kucha zake.

"Mia na ishirini," Mabuti akasema huku anapiga miayo.

Asubuhi ile fahali wazuri walikuwa wamekwenda kwa mia tatu na ushee. Radi aliona aibu kuitamka bei ile, lakini kengele ilikuwa inamsubiri, na sheria ni sheria. Nyundo ikashuka.

"Ahsante, mjomba," Mabuti akasema. "Kazi nzuri."

Radi alishuka na kopo lake la rangi. Kila ng'ombe aliyeuzwa alipakwa mstari mwekundu kwenye paja, asije akauzwa mara mbili siku hiyo. Baada ya hapo aliyebeba mstari alikwenda kuchinjwa, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuona mstari uliochakaa. Radi alisugua tope la paja kwa kiganja apate mahali pa kupaka.

Chini ya tope palikuwa na mstari. Mwekundu, umeanza kupauka. Akasugua tena. Kando yake ulikuwepo mwingine, umefifia hadi kuwa kama kovu.

Akainua uso kumtazama Mabuti.

"Huyu nimeshamuuza," alisema. "Nimemuuza mara mbili."

"Tatu sasa," Mabuti akamsahihisha kwa upole. "Na zote umemuuza vizuri."

"Ni wenu?"

"Kuna sheria inayomkataza ng'ombe kurudi mnadani, mjomba?"

Haikuwepo. Nani angeitunga sheria kama hiyo? Mchungaji asiyesema alimfungua maksai kamba, wakaondoka wote wawili taratibu, si kwa njia ya machinjioni bali kwa njia ya malishoni. Mabuti hakujaribu hata kumficha Radi. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwizi anayejificha bado anakuogopa.

*

Zizi la dada yake lilikuwa nyuma ya mnada, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Mama yao aliwaachia, na dada ndiye aliyelibeba. Alinunua madume membamba, akayanenepesha kwa pumba na mashudu, akayauza. Mikono yake ilinuka molasi hata siku ya harusi. Tangu mwaka jana alinenepesha kwa mkataba wa Kampuni, yeye na karibu majirani wote.

Jioni alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anatazama nusu ya zizi iliyo tupu. Lori lilikuwa limeondoka muda si mrefu na mafahali ishirini.

"Umekuja kunipa pole au umekuja kula?" dada akauliza.

"Kwani kuna chakula?"

"Hakuna."

"Basi nimekuja kukupa pole. Wamekulipa ngapi?"

"Mia na ishirini."

Radi alihisi kama nyundo imemwangukia mguuni. "Lakini wale walikuwa wazuri! Wameshinda hata wa mia tatu wa leo asubuhi!"

"Mkataba, mdogo wangu. Bei ya nyundo ya mwisho. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ila kichwa chake kilikuwa hakijaunganisha nyuzi mbili zile, na sasa ziliungana zenyewe, zikakaza.

Tangu enzi za baba, mnada ulifungwa kwa fahali bora kuliko wote. Walimwita fahali wa kufungia. Aliachwa wa mwisho makusudi, wanunuzi wasiondoke mapema, na bei yake ilikuwa ya kutetemesha reli. Kwa hiyo Kampuni ilipokuja na mikataba, ikasema haipendi mabishano, kila ng'ombe wa mkataba atalipwa bei ya nyundo ya mwisho ya wiki hiyo, watu walitazamana wakakaza midomo wasicheke mbele ya wageni. Bei ya fahali wa kufungia, kwa kila ng'ombe! Usiku ule walicheka mpaka machozi. Wajinga hawa wenye magari wametuletea mfuko umetoboka. Wakatia saini kabla wajinga hawajazinduka.

Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuleta kilema kengele ikikaribia. Fahali wa kufungia alikuwa jambo la heshima. Nani angelichezea?

"Ni mdomo wangu," Radi akasema. "Mdomo wangu huu ndio unaowapangia bei. Ng'ombe mmoja kilema, wao wauzaji, wao wanunuzi, mimi katikati napayuka kama kasuku, halafu bei ile inawashukia nyote."

Dada aliinama. Alichukua kijiti akawa anakwangua tope la kiatu.

"Wale ishirini waliobaki wanachukuliwa Ijumaa ijayo," alisema mwishowe. "Pumba ni za Kampuni, dawa ni za Kampuni, na rehani ni zizi hili. Ikiwa ni mia tatu, natoka kwenye deni. Ikiwa ni mia na ishirini tena, Jumamosi wanakuja kupima ardhi. Nimeshawaona na kamba zao kwa jirani wa bondeni."

"Hawatapima kitu hapa."

"Usiniapie, Radi. Kiapo hakilishi ng'ombe wala hakilipi pumba. Fanya jambo."

*

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na bucha pembeni ya barabara kuu. Radi alimkuta anabishana na mama mmoja aliyeshika kipande cha nyama kama anayetaka kukipeleka polisi.

"Nusu kilo hii? Hii unamfungia paka!"

"Mama, mizani haina ukoo na mimi."

"Ng'ombe wameshuka, wafugaji wanalia. Mbona nyama inapanda? Katikati kuna nini?"

"Katikati kuna ukuta mweupe, mama yangu. Ukiuona, uulize, unijulishe na mimi."

Mama aliondoka akinung'unika. Shemeji alifuta kisu kwenye aproni. Kulabu nane zilining'inia nyuma yake, na mbili tu zilikuwa na nyama.

"Mwaka jana zilijaa zote," alisema alipoona macho ya Radi. "Siku hizi wananiletea wanachotaka, siku wanayotaka, kwa bei wanayotaka. Nikiuliza, wananiambia nijaribu kwingine. Kwingine wapi? Mwezini?"

Radi alimweleza yote, maksai mwenye mistari mitatu, nyundo ya mwisho, zizi la dada.

"Nataka ununue fahali mmoja," alisema. "Mmoja tu. Wakishaleta kilema chao, nitakuwa nimemweka mmoja mzuri nyuma yake. Wewe unainua mkono, unasema mia tatu na thelathini, napiga nyundo, nafunga. Mkataba wao wenyewe utawafunga."

Shemeji aligeuka akatazama kulabu. Friji la nyuma liliguna, likatulia.

"Na kumchinja?"

"Tutatafuta."

"Shemeji, wewe una koo, mimi nina kulabu. Wakinikatia nyama nitaning'iniza nini pale? Suruali zangu?"

"Mkono mmoja tu hewani."

"Haya," shemeji akasema, lakini alisema akitazama kisu. "Kwa ajili ya dada yako. Si kwa ajili ya kelele zako."

*

Alhamisi, siku ya mnada, watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Radi hakumwambia mtu mwingine, lakini jambo kama hili huvuja lenyewe. Majirani wa mkataba walisimama ukutani mikono nyuma, hawatafuni kitu, hawataniani.

Alinadi vizuri kuliko siku zake zote. Mafahali wa asubuhi walikwenda kwa mia tatu, mia tatu na kumi. Mfugaji mmoja kutoka mbali alikuwa na fahali mwekundu, shingo nene, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kila zamu yake ilipofika, Radi alimruka. "Bado anahema kwa njia ndefu huyu, mwacheni apoe." Mfugaji akanuna, akakaa.

Mkono wake ulipokaribia kengele, mlango ukafunguliwa. Mchungaji asiyesema. Maksai wa jicho la yai. Safari hii hawakumpaka hata tope. Mistari mitatu ilionekana wazi, na hakuna aliyecheka.

"Mia," Mabuti akasema kabla hajaulizwa.

Radi alipiga nyundo bila neno. Akapaka mstari wa nne. Mabuti alianza kujifuta mikono kwa leso, tayari kuondoka.

"Bado!" Radi akanguruma. Njiwa wakaruka. "Kabaki fahali wa kufungia! Mleteni mwekundu!"

Mnong'ono ulizunguka ukuta. Mabuti aliikunja leso pole pole, akairudisha mfukoni. Hakukasirika. Aliinua kichwa, akawatazama watu mmoja mmoja kwenye reli kama mtu anayechagua nyanya, mpaka macho yake yakafika kwa shemeji.

"Mia tatu na thelathini! Nani ananipa mia tatu na thelathini?"

Mkono wa shemeji ukapanda hadi begani.

"Bwana Bucha," Mabuti akasema, kwa sauti ya kumsalimia mtu njiani. "Friji lako zima?"

"Zima."

"Na watoto?"

Mkono wa shemeji ulibaki begani kidogo, ukageuka ukajikuna shingo, ukashuka. Aliinamisha uso. Radi alimtazama akamwona amekuwa mdogo ghafla, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto, na hakuweza hata kumchukia.

"Mia tatu na thelathini," alirudia. "Nani?"

Majirani wa ukutani walitazama chini. Wao walikuwa na mikataba, hakuna aliyekuwa na cha kununulia. Mabuti hakutoa bei. Hakuhitaji. Ikiwa mwekundu hatauzwa, nyundo ya mwisho itabaki ile ya mia moja. Radi aliona kamba za wapima ardhi zikivutwa kutoka mlango wa mama yake mpaka kwenye hori. Alimwona dada yake, amesimama karibu na mizani, ameziba mdomo kwa mkono unaonuka molasi.

Mnadi hanunui. Hilo nalo lilikuwa sheria ya baba, tena lilikuwa sheria ya halmashauri, limeandikwa kwenye kibao juu ya lango.

"Mara ya kwanza," Radi akasema. "Mara ya pili." Akainua nyundo. "Ameuzwa! Mia tatu na thelathini! Nimenunua mimi!"

Nyundo ilipiga hadi mpini ukamwuma kiganja. Akavuta kengele.

Kelele zikafumuka. Mfugaji wa mbali aliuliza kama analipwa au hapana. Radi alivua mkoba wa ngozi kiunoni, pesa za kuezekea nyumba yake, akamtupia.

Mabuti alikuja polepole mpaka chini ya jukwaa.

"Nyundo hiyo haihesabiki, mjomba."

"Haihesabiki? Sawa!" Radi aligeukia ukuta, wote wasikie. "Kama ni haramu mtu kujiuzia mwenyewe, basi tuzifute zote! Tufute na za maksai wao, wiki zote nne! Warudishe walichomnyang'anya kila mmoja wenu! Chagua, bwana. Zote zihesabiwe au zote zifutwe?"

Kwa mara ya kwanza majirani walipiga kelele kwa furaha. Mmoja alirusha kofia. Mabuti aliwasubiri wanyamaze.

"Zihesabiwe," alisema. "Kampuni inaheshimu mkataba."

Kisha akatoa simu, akampiga Radi picha, nyundo mkononi, fahali mwekundu nyuma yake, kibao cha halmashauri juu ya kichwa. Akaitazama picha, akaonekana kuridhika.

"Umetupunguzia kazi," alisema. "Mjomba, hujui tu."

*

Ijumaa lori lilikuja, likabeba ishirini wa dada na kumlipa mia tatu na thelathini kwa kilo. Alilipa pumba, alilipa dawa, akarudishiwa hati ya zizi. Alimkumbatia mdogo wake mpaka mbavu zikalia. Jioni ile alipika kweli.

Jumamosi halmashauri ilifunga mnada kwa mnyororo. Mnadi amenunua, picha ipo. Mpaka uchunguzi utakapokwisha, na hakuna aliyesema utakwisha lini. Jumatatu Kampuni ikawakumbusha wafugaji kipengele ambacho hakuna aliyekijali siku ile ya vicheko: pasipo mnada, bei itatangazwa na mnunuzi.

Jumanne ikatangazwa. Tisini.

Alasiri ya siku hiyo Radi alikuwa zizini kwa dada anamwagia maji fahali wake mwekundu, ambaye hakuna aliyekubali kumchinja, alipoona kivuli kirefu kikiingia chini ya uzio, kisha kingine. Majirani walikuwa wamesimama barabarani na fimbo zao za kuchungia. Yule aliyerusha kofia alikuwa mbele. Hakuna aliyetoa salamu.

"Pitia mlango wa jikoni," dada yake akanong'ona. "Nitaongea nao mimi."

"Mimi sipiti jikoni."

Alifungua lango, akatoka.

"Umeisikia bei?" mwenye kofia akauliza.

"Nimeisikia."

"Ya dada yako ilikuwa mia tatu na thelathini. Yetu tisini. Wetu walikuwa bado wiki mbili, Radi. Wiki mbili tu."

"Msiwapeleke," Radi akasema. "Hata mmoja wenu asipeleke. Wale wanaume wana ukuta mrefu na mashine za kutisha, na siku tatu bila ng'ombe mashine zile zinakula hewa. Zizi la dada ni tupu, waleteni hapa, tuwalishe pamoja..."

"Kwa pumba za nani?"

Dada alitoka akasimama kando ya Radi. "Ninazo za msimu mmoja," alisema. "Nazitoa. Nani anabaki na sisi?"

Upepo ulipeperusha makapi. Majirani wawili walitazamana. Mwanamke mmoja nyuma alianza kuinua fimbo yake.

Hapo ndipo lori likaonekana mwisho wa barabara. Lilikuja taratibu, halikupiga honi, likasimama hatua chache kutoka walipo. Dereva, yule mnunuzi wa zamani, hakushuka wala hakuwatazama. Mlango wa nyuma ulishushwa hadi chini, ukawa ngazi. Injini ikaendelea kunguruma.

Fimbo ya yule mwanamke ilishuka.

"Leo tisini," mwenye kofia akasema, kana kwamba anajieleza mwenyewe. "Kesho itakuwa ngapi?"

Akageuka kuelekea boma lake. Radi akamkimbilia, akamzuia njia, kifua kwa kifua.

"Nipishe, Radi."

"Sikupishi."

"Nina watoto watano. Nipishe."

"Ukipita wewe watapita wote."

"Najua," yule jirani akasema, na fimbo yake ikaanza kupanda.